Mita Mia Mbili na Kumi Kabla ya Pipa

Kila mwaka, asubuhi ya mbio, Dobi alikuwa na kazi moja ya ajabu: kufunga bendeji kwenye goti ambalo halikuwa na kasoro hata chembe. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaizungusha bendeji mara nne, akaibana kwa pini, halafu akachechemea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, kuona kama inaaminika.

"Mwaka huu ni la kulia?" mkewe alimuuliza mwaka jana, amesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"La kulia, ndiyo."

"Mwaka juzi lilikuwa la kushoto, baba. Shauri yako."

Dobi akaliangalia goti, akalikumbuka lile jingine, akaguna, akaanza kufungua. Mkewe akarudi zake bafuni akicheka mpaka povu likamdondokea kwenye gauni. Alijua goti ni zima. Mtu anayepanda ngazi mbilimbili na furushi la nguo begani ana goti bovu gani? Asichokijua ni sababu, na alishaacha kuiuliza. Aliamini mumewe amechoka kushindana na anaona haya kusema. Laiti ingekuwa hivyo.

Dobi lilikuwa jina la kazini. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, katika chumba cha chini kabisa kisicho na dirisha, ambamo mvuke hukaa juu ya vichwa vya watu mchana kutwa. Mashuka yanaingia kwa mlango mmoja machafu, yanatoka kwa mlango wa pili yamekunjwa, na yeye yuko katikati, mwenzake kashika pembe mbili na yeye mbili, wanasogeleana na kuachana, wanasogeleana na kuachana. Ukimuuliza kazi ikoje atakwambia salama, haina maneno. Kweli haina maneno. Tatizo ni kwamba mtu asiye na wa kuongea naye huongea na roho yake, na roho ya Dobi ilikuwa na swali moja tu la kumuuliza.

Kwa wakimbiaji wenzake, hata hivyo, hakuna aliyemwita Dobi. Kile kikundi cha watu ishirini na ushee, waliokutana kila Jumamosi alfajiri kwenye kibanda cha fundi baiskeli, waliitana kwa muda. Mara moja kwa mwaka walishindana kilomita kumi: kutoka kibandani hadi kwenye pipa la kijani, unalizunguka, unarudi. Muda wako bora wa mbio hizo ndio jina lako, na jina halibadiliki mpaka uuvunje. Nesi, mwenyekiti wao, alikuwa Hamsini na Mbili. Kinyozi alikimbia mara ya kwanza akiwa na homa, wakambatiza Saa Nzima na Ushee, na maskini ya Mungu akafanya mazoezi mwaka mzima ili jina hilo lisimfikie mama mkwe wake. Leo ni Arobaini na Moja, na ukimwita vingine hageuki.

Dobi alikuwa Thelathini na Tano. Ukitaka kwa ukamilifu, dakika thelathini na tano na sekunde arobaini. Wageni walipoingia kikundini walionyeshwa kwanza ule ubao uliotundikwa ukutani pa kibanda, majina yote kwa rangi nyeupe, na yeye juu kabisa, halafu walionyeshwa mwenyewe, amekaa kwenye kiti alicholetewa na Nesi, goti lake limenyooshwa mbele. "Huyu mnayemwona," Nesi alisema, "kama si goti, jamani, kama si goti!" Na Dobi alitabasamu, akiukwepa ubao kwa macho.

Kwa sababu hakuwa Thelathini na Tano. Hajawahi kuwa, hata siku moja.

Ilikuwa hivi. Mbio za kwanza kabisa, miaka kumi na tisa iliyopita, mvua ilinyesha utadhani mbingu imetoboka. Fundi baiskeli ndiye aliyetumwa pipani kugawa rababendi, maana utaratibu ni huo hata leo: anayezunguka pipa anavishwa rababendi mkononi, na asiyerudi nayo hahesabiwi. Sasa fundi alikuwa mtu wa kifua, baridi ikimpata kidogo anakohoa wiki nzima. Akaona isiwe taabu, akaliacha pipa, akarudi nyuma kujibanza chini ya baraza la duka lililofungwa. Dobi, kijana wa miaka thelathini, akatokea peke yake, amewaacha wenzake mbali sana. Fundi akaruka kutoka barazani, akamvisha rababendi, akapiga kelele, "Geuza, kaka, geuza! Hawakuoni hata kwa darubini!"

Dobi akageuza. Mwili ulikuwa umewaka na kichwa kilikuwa hakipo. Wengine walipofika, fundi alikuwa ameshashtuka na kukimbilia kwenye pipa, kwa hiyo wao walizunguka vizuri. Jioni, watu wakiwa bado wanampongeza, fundi alimvuta nyuma ya kibanda, macho mekundu.

"Ndugu yangu, nisitiri. Wakijua niliacha pipa watanifukuza, na hawa ndio watu wangu wa pekee. Sina wengine."

Dobi akamsitiri. Ungefanyaje? Ilikuwa siku moja, mbio moja, watu kumi na wanane waliolowa chapachapa. Alidhani mwakani atakimbia tena, atapata muda wake wa haki, na mambo yatajifia. Lakini wiki iliyofuata ubao ukatundikwa. Mwaka uliofuata alipojipima peke yake, akaona hapati thelathini na tano kwa dawa wala kwa dua. Akishindana, watauliza kulikoni. Ndipo goti likaanza kuuma.

Fundi alifariki miaka sita baadaye, Mungu amrehemu, na siri ikabaki kwa mtu mmoja. Hapo ndipo mlango ulipofungwa kabisa. Kusema sasa ni kumchafua marehemu ambaye hawezi kujitetea, mbele ya mjane wake anayekuja kila mwaka kufungua kibanda na kuwapa watu maji. Kunyamaza ndiyo kama unavyoona. Dobi alijaribu njia ya tatu: aliamua kuufanya uongo uwe kweli. Kila Jumatano baada ya kazi alizunguka ukuta wa ndani wa hospitali, raundi kumi na moja na nusu, ambazo ni kilomita kumi, saa mkononi, walinzi wakimcheka. Miaka mingi alifanya hivyo. Siku moja, siku moja tu, alipata thelathini na saba na sekunde mbili. Aliinama akitema mate, akaangaza huku na huku, na aliyekuwepo ni paka wa jikoni. Huo ndio muda wake bora wa maisha, na hakuna mtu aliyewahi kuusikia.

Hata hivyo angeweza kuzeeka na siri yake, kama watu wengi wanavyozeeka na zao, kama si Mpimaji.

Mpimaji alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Alifanya kazi ofisi ya ardhi, akipima viwanja, mtu mrefu, mkavu, mwenye mwandiko wa kuchonga. Ule ubao wa kibandani ulikuwa kazi ya mkono wake. Yeye ndiye aliyemshika Dobi mkono siku ya msiba wa mama yake, na Dobi ndiye aliyelala hospitalini na mtoto wa Mpimaji alipovunjika mguu. Kwenye ubao alikuwa wa pili: thelathini na sita na sekunde nne. Aliupata muda huo miaka tisa iliyopita, na tangu siku hiyo alikuwa na wazimu mmoja tu, sekunde ishirini na nne. Aliacha sukari. Aliacha chumvi. Alikimbia kabla ya kazi na baada ya kazi, na kila mwaka alirudi nyuma kidogo, maana umri hauna urafiki. Sasa alikuwa na miaka hamsini.

Wiki ya mbio mwaka huu, mke wa Mpimaji alishuka mwenyewe hadi chumba cha kufulia. Alisimama mlangoni katikati ya mvuke, mkoba ameukumbatia.

"Shemeji, daktari amempima moyo. Amemwambia kukimbia polepole sawa, kushindana hapana. Hapana kabisa. Yeye anasema Jumapili lazima, mara ya mwisho."

"Umemwambia aache?"

"Nimemwambia mpaka sauti imekauka! Unajua amenijibu nini? Eti hawezi kustaafu akiwa chini ya rafiki yake kwa sekunde ishirini na nne. Mwambie wewe, shemeji. Wewe anakusikiliza."

Dobi alishika pembe za shuka. Mwenzake alikuwa akimngoja asogee, naye hakusogea. Alisema, "Nitaongea naye." Shemeji alipoondoka, aliketi juu ya rundo la mashuka machafu, jambo lililokatazwa, na akahisi joto la chumba kile kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Akimwambia, atampoteza rafiki. Asipomwambia, huenda akampoteza vilevile, na kwa ubaya zaidi. Alipiga hesabu hiyo mpaka kengele ya kutoka ikalia, jibu likawa lilelile.

Dobi na Mpimaji walikuwa na desturi yao wawili. Kila Alhamisi ya kabla ya mbio waliipima njia upya. Mpimaji alisukuma lile gurudumu lake la kazini, lenye kijisanduku cha namba juu, na Dobi alitembea kando yake na chaki, akiweka alama kila kilomita. Miaka kumi na tisa alikuwa amepita mbele ya lile duka akiwa na chaki mkononi, akitazama ng'ambo ya barabara.

Alhamisi hiyo alisimama.

"Soma gurudumu," alisema.

"Hapa? Hapa hakuna alama."

"Wewe soma tu."

Mpimaji akainama. "Elfu nne, mia saba na tisini. Kwani vipi?"

"Hapa ndipo nilipogeuza. Mwaka wa mvua."

Mpimaji alicheka kwanza. Alidhani ni utani, maana walitaniana sana. Halafu akamtazama usoni, na kicheko kikamwisha polepole. Dobi akamwambia yote, bila kupunguza: fundi, baraza, rababendi, goti, bendeji. Watu walipita na vikapu vyao, wakawasalimia, hawakuitikia.

Mpimaji alitoa kalamu ya risasi sikioni na kijitabu mfukoni. Angekuwa mtu mwingine angetukana. Yeye alipiga hesabu.

"Mia mbili na kumi, kwenda na kurudi, mia nne na ishirini. Kwa mwendo ule..." Aliandika. "Thelathini na saba na kumi na nne."

"Naam."

"Mimi nilipata thelathini na sita na nne."

"Naam."

"Miaka tisa iliyopita. Nikakaa chini pale kibandani, juu ya yale matofali, nikalia mbele za watu. Mtu mzima. Nani aliniletea maji?"

"Mimi."

"Ulisemaje?"

Dobi aliigeuzageuza chaki mkononi.

"Nakuuliza, kaka. Uliponipa ile kata ya maji, ulisemaje?"

"Nilisema pole. Nilisema mwakani utaipata."

Mpimaji alikifunga kijitabu. Alikirudisha mfukoni, kalamu akairudisha sikioni. "Siku ile nilikuwa nimeshinda," alisema. "Nilikuwa mtu wa kwanza, nikaenda nyumbani nikakataa kula. Mke wangu alipika, nikakataa kula. Miaka tisa, Dobi."

Hakuwahi kumwita Dobi. Alinyoosha mkono bila kumtazama. "Chaki."

Dobi akampa. Mpimaji akasukuma gurudumu peke yake hadi mahali pa pipa, akachora alama mwenyewe, akakata kona akaenda zake.

Jumapili mke wa Dobi alimkuta amevaa viatu vya mbio na magoti yote mawili yako wazi.

"Leo hakuna goti?"

"Leo hakuna."

Mkewe akaenda kuvaa viatu na yeye. Miaka mingi alikuwa haji. "Nakuja," alisema. "Hili silikosi."

Kibandani watu walishajaa. Mjane wa fundi alikuwa akichota maji kutoka kwenye ndoo, mke wa Mpimaji amekaa pembeni roho mkononi. Nesi akaja mbio na kiti, kama kawaida, akakiweka kivulini. Mpimaji alifika wa mwisho, amevaa ndala. Alichukua fungu la rababendi, akalivaa mkononi, akasimama na baiskeli yake akisikiliza.

Dobi alipanda juu ya kile kiti. Hakuwa amepanga kupanda, ila miguu ilimpandisha. "Jamani, mimi si Thelathini na Tano," alisema. "Mwaka wa mvua niligeuza kabla ya pipa. Nilijua, nikanyamaza. Mkimtafuta wa kwanza, yuko pale, ameshika baiskeli."

Hakumtaja fundi. Mjane wake aliinua macho kutoka kwenye ndoo, akamtazama Dobi, akaendelea kuchota. Mpimaji aliona, naye akanyamaza.

Kinyozi akainua kidole. "Ngoja, ngoja kwanza. Na goti?"

"Goti zima."

"Lipi?"

"Yote mawili."

Hapo ndipo pakawaka! Habari ya muda walikuwa wameimeza, lakini goti, loo, goti liliwakwama kooni. "Mimi nimelikanda goti hilo!" Nesi alipiga kelele. "Kwa dawa yangu, kwa mikono yangu hii! Mwaka wa saba mpaka ukasema aah, aah, hapo hapo!" Mwingine alikumbusha alivyombeba mgongoni kuvuka mtaro. Mwingine alidai kiti chake. Mke wa Dobi alijiinamia akicheka mpaka akalia, na wachache wakacheka naye, na wengine hawakucheka kabisa, wala wiki hiyo wala iliyofuata. Mpimaji alipanda baiskeli akaenda pipani.

Dobi alikimbia. Miaka kumi na tisa alikuwa hajaanza mbio na watu wengine pembeni, viwiko vikigusana, na alianza kwa kasi ya kipumbavu kama mwanafunzi. Kilomita ya tatu akaanza kulipa. Alilipita lile duka bila kugeuza kichwa pembeni. Mbele aliliona pipa, na Mpimaji kando yake, akigawa rababendi kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine, akimwita kila mtu kwa muda wake.

Alipofika, Mpimaji aliinua rababendi juu, mbali naye.

"Zunguka kwanza."

Dobi akazunguka. Alilizunguka pipa karibu mpaka bega likagusa bati. Mpimaji akamvisha rababendi. Maji hakumpa, na jina hakumwita.

Alimaliza kwa dakika arobaini na tatu na sekunde nane. "Kumbe nakushinda!" Kinyozi alipaza sauti, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Arobaini na Tatu, karibu huku chini, kuna hewa nzuri!"

Mpimaji aliporudi, alichukua kopo la rangi na brashi kama kila mwaka. Alisugua mstari wa kwanza wa ubao kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka mbao ikabaki tupu. Akaandika Arobaini na Tatu mahali pake, chini ya Kinyozi, kwa mwandiko uleule wa kuchonga, na tarehe ya leo. Kisha akamgeukia Dobi, akampa brashi.

"Huo wa juu andika wewe."

"Mwandiko wangu mbaya."

"Andika."

Dobi akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Aliandika thelathini na sita na nne, herufi zikienda upande, rangi ikimtiririkia hadi kiwikoni. Akasita. "Niweke tarehe gani?"

"Unaijua."

Aliijua. Aliiandika siku, mwezi na mwaka, ile siku ya matofali, bila kumuuliza mtu. Mpimaji alisoma mara moja, akasoma tena. Kisha akaenda hadi kwenye matofali yaleyale, akaketi, akaufunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika. Mkewe alitaka kwenda, mjane wa fundi akamshika mkono.

"Maji," Mpimaji alisema kutoka ndani ya viganja, bila kuinua kichwa.

Dobi akachota kata moja kwenye ndoo, akampelekea. Akasimama kando yake akingoja amalize kunywa, na safari hii hakusema neno.